Sindano Hupimwa, Sahani Haipimwi

JAMAA zetu wanaoishi Maskati, London na kwengineko wanaporudi likizo Unguja na Pemba, baadhi yao huja na watoto waliofungwa kijimashine kiunoni au kubandikwa kitu kama kiberiti mkononi. Hiyo ni pampu ya insulini. Kazi yake ni kumpa mgonjwa wa kisukari dawa yake kidogo kidogo usiku na mchana, na wakati wa kula mtoto au mzazi wake huiambia mashine idadi ya gramu za wanga zilizomo katika chakula, nayo ikatoa dawa inayolingana na chakula hicho. Wanaoiona hustaajabu, na swali linalofuata barazani ni moja: watoto wetu wanaodungwa sindano watapata lini mashine kama hiyo?

Swali hilo ni la haki na hatulibezi. Lakini liko swali jengine linalotangulia, nalo halijibiwi kwa fedha za kigeni wala kwa msaada wa mfadhili. Ni nani kati yetu, hata akikabidhiwa pampu kesho asubuhi, anayeweza kuiambia mashine kuna gramu ngapi za wanga katika ugali wa mchana, katika sahani ya wali wa nazi, au katika kipande cha muhogo? Mashine haioni sahani. Inategemea kuambiwa, na ikiambiwa uongo itatoa dawa ya uongo. Ili kulitazama jambo hili vizuri tunamwomba msomaji aondoke nasi pwani kwa muda, twende Ntalikwa.

Ntalikwa ni kata ya Manispaa ya Tabora, katika nchi ya kale ya Unyanyembe. Mzanzibari asituulize inamhusu nini. Njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo ilipita Unyanyembe kabla ya kufika Ujiji, na Burton na Speke walipoingia Kazeh mwezi wa Novemba 1857 walipokelewa na wafanyabiashara waliotoka Unguja na Oman. Baba yake Tippu Tip aliishi huko na kuoa katika nyumba ya mtemi. Hatuipambi historia hiyo, kwa maana wengi walioshuka nayo hadi Unguja walishuka wakiwa katika minyororo. Tunachosema ni kwamba chini iliteremka pembe na watu, na juu ikapanda miembe na mpunga, na hata leo miembe mikongwe ya Tabora na Ujiji inahesabiwa kuwa kumbukumbu ya njia ile. Chakula cha Mnyamwezi na chakula chetu vina undugu kuliko tunavyodhani. Tena Ntalikwa inafanana na mamia ya kata za Bara, na kwa tabu yake inafanana na shehia nyingi za Unguja na Pemba: mtu hula anachovuna, na mwaka una miezi ya shibe na miezi ya kubana.

Hatuna budi kwanza kutenganisha maradhi mawili yanayobeba jina moja. Kisukari kinachowapata watu wazima wengi ni kile ambacho mwili bado unatengeneza insulini lakini haitoshi au haifanyi kazi ipasavyo. Huyo huambiwa apunguze uzito, apunguze vyakula vya wanga na sukari, atembee, na mara nyingi ameze vidonge. Kisukari cha pili kwa wingi, ambacho madaktari hukiita aina ya kwanza, aghalabu huanza utotoni au ujanani: kongosho huacha kabisa kutengeneza insulini, na asiyedungwa hufa. Ndivyo ilivyokuwa dunia nzima hadi Januari 1922, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alipodungwa insulini mjini Toronto, Kanada, na akaishi. Waliogundua dawa ile waliiuza haki yao kwa chuo kikuu kwa dola moja moja, wakitaka imfikie kila mtu. Miaka zaidi ya 100 imepita.

Kwa nini tunasisitiza tofauti hiyo? Utafiti uliofanywa vijijini Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta mtu mzima mwenye kisukari hafiki mmoja katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu 9 katika kila 100. Ongezeko hilo ni la aina ile ya watu wazima, na Serikali zote mbili zimefanya vyema kuhubiri kupunguza sukari na mafuta. Lakini mahubiri hayo yanamfikia kila mtu kwa sauti ile ile. Mama wa mtoto anayedungwa insulini naye anasikia redioni kwamba mwenye kisukari asile ugali wa sembe, asile wali, asile viazi, ale mboga. Anarudi nyumbani, anamdunga mtoto dozi yake ya asubuhi kama alivyoandikiwa, kisha kwa mapenzi yote anamnyima chakula. Dawa imeingia mwilini na haina cha kufanyia kazi. Sukari ya mtoto inaporomoka. Anatetemeka, anatoka jasho, anasema maneno yasiyoeleweka, na jirani anashauri atafutwe mtu wa kumsomea kwa kuwa amekumbwa na jini. Na wale wengine, ambao hawajajulikana kabisa kuwa ni wagonjwa, hufikishwa hospitali wakitapika na kuhema kwa nguvu, na kutibiwa malaria.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa maneno yetu. Watoto wengi wanaotibiwa katika nchi za aina yetu hutumia insulini ya dozi isiyobadilika, asubuhi na jioni, mara nyingi ile iliyokwisha changanywa kiwandani. Dawa hiyo ikishaingia hutenda kazi kwa saa nyingi, na ina kilele chake kinachofika kama njia za bahari, mtu awe amekula au hajala. Hivyo mgonjwa analazimika kuifuata dawa: saa fulani lazima ale, na ale kiasi kile kile, leo na kesho na keshokutwa. Pampu imegeuza amri hiyo. Kwa pampu, dawa humfuata mlaji: akila kidogo hupata kidogo, akila baadaye hupata baadaye. Hiyo ndiyo neema kubwa ya pampu, kuliko kule kuepuka sindano kunakotajwa na watu.

Sasa tuiweke amri ya dozi isiyobadilika katika mwaka wa Ntalikwa. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Tuseme yupo kijana wa miaka 13 aliyeandikiwa dozi yake mwezi wa Julai, ghala ikiwa imejaa mahindi, karanga zimekauka na asali imerinwa. Anakula asubuhi, mchana na jioni. Dozi ile inamfaa na kadi yake kliniki inapendeza. Ifikapo Januari ghala iko chini, familia inakwenda shamba alfajiri, na mlo umekuwa mmoja jioni, mchana ni maembe au michembe. Huyu kijana anashika jembe kutwa, na kazi ya mwili peke yake huteremsha sukari. Kadi yake bado inasema dozi ya Julai. Nani amebadili kadi? Kwa kawaida hakuna. Tunasikia mgonjwa akilaumiwa kwamba hafuati masharti, ilhali masharti ndiyo yaliyoandikwa kwa mtu mwenye meza ya chakula iliyojaa mwaka mzima.

Kuna wanaoliondoa tatizo hilo kwa kuacha kudunga kabisa siku ambayo chakula hakuna. Ni hatari nyengine. Mwili wa mgonjwa wa aina ya kwanza unahitaji insulini hata akilala na njaa. Ikikosekana, huanza kuunguza mafuta yake na damu ikajaa asidi, na safari ya kwenda kaburini ikawa ya siku chache. Dozi hupunguzwa kwa maelekezo aliyopewa mapema na mtaalamu, haifutwi. Maelekezo hayo ndiyo yanayokosekana katika kadi.

Na vyakula vyenyewe je? Tuvitaje, kwa maana maneno ya jumla ya «kula mlo kamili» yamechosha watu. Unga mkavu wa mahindi, katika kila gramu 100, una wanga wa gramu 75 hivi. Dona na sembe hazipishani sana kwa hesabu hiyo. Ubora wa dona ni makapi na kiini chake, vinavyoifanya sukari ipande taratibu zaidi na kumpa mlaji virutubisho vingine. Anayedhani dona haina sukari anajidanganya, na atakula mara mbili. Mtu akikosea kwa jicho gramu 50 tu za unga, amekosea karibu gramu 38 za wanga. Kwa watu wazima wengi uniti moja ya insulini hufunika gramu kati ya 10 na 15, ingawa kila mtu ana kipimo chake na watoto wadogo huhitaji dawa kidogo zaidi. Kosa la konzi moja ya unga basi ni kosa la uniti tatu, na uniti tatu kwa mtoto ni tofauti baina ya kwenda skuli na kuzirai njiani.

Viazi vitamu vibichi ni maji kwa sehemu kubwa, wanga wake ni kama moja ya tano ya uzito. Lakini Wanyamwezi na Wasukuma huvikata na kuvianika vikawa michembe, au huvichemsha kwanza ndipo wakavianika vikawa matobolwa. Maji yakitoka, wanga haukutoka. Konzi ya michembe ina wanga wa kiazi kizima na zaidi, nayo huliwa kama karanga, njiani, bila kuhesabiwa kuwa ni chakula. Muhogo na makopa ni habari ile ile. Embe lina gramu 15 hivi katika kila gramu 100 za nyama yake. Vijiembe viwili vidogo si neno, ila mtoto aliye chini ya mwembe mwezi wa Disemba hahesabu viwili. Kwa upande mwengine ziko karanga, kunde, choroko, maharage, mlenda, kisamvu na uyoga wa mvua za kwanza, ambavyo hushibisha, hujenga mwili na havipandishi sukari kwa kishindo. Tabora haikosi vitu hivyo. Vinachokosa ni mtu wa kukaa na mama jikoni na kumwonyesha.

Asali ya Tabora, sifa ya mkoa ule, ina wanga zaidi ya gramu 80 katika kila 100. Kila siku katika chai ni balaa kwa mgonjwa huyu. Lakini kijana anapoanza kutetemeka shambani, sukari yake ikiwa chini ya 4 katika kipimo cha kliniki zetu, kijiko kimoja kikubwa cha asali, au vijiko vitatu vidogo vya sukari katika maji, ndicho kitakachomrudisha. Asubiri dakika 15, apime tena, na akiwa bado chini arudie. Kisha ale kitu cha kukaa tumboni. Akiwa amekwisha zirai asimiminiwe kitu chochote kinywani, apelekwe kituo cha afya mbio. Mfuko mdogo wa sukari mfukoni mwa mtoto haugharimu chochote, na kuna walimu wanaowanyang'anya watoto mifuko hiyo wakidhani ni utovu wa adabu. Waalimu hawa hawana ubaya, hawajaambiwa.

Kwetu visiwani mizani inaelemea kwengine. Njaa ya Januari si kubwa, lakini wali, boflo, muhogo wa nazi na chai ya maziwa yenye sukari vinafuatana kutwa nzima. Wali uliopikwa una wanga wa gramu 28 hivi kwa kila gramu 100, na tui huuchelewesha kuingia damuni, hata mtu akipima mapema akadhani amesalimika, na baada ya saa tatu akakuta sukari imepanda. Wenye pampu huitegea mashine imwage dawa yao kwa kuchelewa, wenye sindano hawana namna hiyo na hawana budi kulijua jambo hilo kwa kulipima. Ukifika mwezi wa Ramadhani mambo huwa magumu zaidi. Sisi tuliopitia chuoni tunajua kwamba ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo katika Suratul Baqara, na si aibu. Mwongozo wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari uliotolewa pamoja na wataalamu wa Ramadhani, toleo la 2021, unawahesabu wengi wa wanaotumia insulini kwa aina hii kuwa katika hatari, na unataka mtu afungue mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6. Kudunga kidole ili kupima hakufunguzi. Maneno haya yakisemwa na daktari peke yake hayatoshi. Yanatakiwa yasikike kutoka kwenye mimbari, kabla ya mwezi kuandama, na futari ya tende, uji, muhogo na kaimati katika saa moja itajwe kwa jina lake.

Tunasikia wengine wakisema: basi tuletewe pampu, tabu hizi ziishe. Haziishi. Pampu hutumia insulini ya haraka tu, haiachi akiba mwilini. Mrija ukiziba au betri ikiisha, hatari huanza baada ya saa chache. Mrija hubadilishwa kila siku mbili au tatu, na damu hupimwa mara nyingi kwa siku au kwa kifaa cha kudumu mwilini. Na kabla ya yote mwenye pampu lazima ahesabu wanga. Elimu hiyo kwanza, ndiyo tunayoidai. Nayo si ya mashine peke yake. Kule Düsseldorf, Ujerumani, walianza zamani kuwafunza wagonjwa wa sindano kuipima dawa kwa kufuata chakula, na Waingereza walipoichukua elimu hiyo na kuijaribu, matokeo waliyochapisha mwaka 2002 yalionyesha wagonjwa wakila kwa uhuru zaidi na sukari yao ikitulia, bila pampu. Marekani ilithibitisha mwaka 1993, baada ya kuwafuata wagonjwa 1,441 kwa miaka, kwamba kuidhibiti sukari huokoa macho, figo na mishipa ya fahamu.

Nchi yetu si ngeni katika elimu ya namna hii. Mwaka 1973 tulikuwa na Mtu ni Afya, vikundi vikikaa chini ya miti kusikiliza redio na kusoma kijitabu, na mwaka 1975 tukawa na Chakula ni Uhai. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka ule ule wa 1973. Mwaka 2008 Taasisi hiyo, pamoja na Chuo Kikuu cha Muhimbili na wenzao wa Harvard, ilitoa majedwali ya vyakula vya Tanzania, ambamo kila chakula kimepimwa wanga, protini na mafuta yake. Ni kazi ya thamani kubwa. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa gramu, na mama wa Ntalikwa hana mzani jikoni. Anayo bakuli, anao mwiko, anacho kikombe cha bati.

Katika kujikosoa, sisi wa Chama hatuwezi kuwanyooshea wengine vidole. Katika mikutano tumezungumza mbolea, barabara na maji, na mkutano ukiisha tumewagawia watu pilau na chupa za soda, kila chupa ikiwa na sukari zaidi ya gramu 30. Hatukuwahi kumwuliza mwenyekiti wa mtaa au sheha ana watoto wangapi wanaoishi kwa sindano.

Afya si jambo la Muungano, na kila Serikali ina wizara yake. Hilo halizuii wizara mbili kukaa meza moja na Taasisi ya Chakula na Lishe na kutoa kijitabu kimoja cha Kiswahili, chenye picha za bakuli za kawaida zilizojazwa ugali, wali, muhogo, michembe na ndizi, na idadi ya gramu chini ya kila picha. Kadi ya mgonjwa iwe na dozi mbili, ya msimu wa mavuno na ya msimu wa kubana, na maelekezo ya siku isiyo na chakula. Bohari za dawa zisihesabu kazi imekwisha chupa ya insulini inapofika. Bila vijiti vya kupimia sukari, mgonjwa anaendesha chombo usiku bila dira. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekwisha pita Bara, na Zanzibar ina mfuko wake wa huduma za afya: wahusika watuambie vijiti hivyo vimo katika kitita au havimo, na kwa idadi gani kwa mwezi. Kuhusu kuhifadhi dawa, habari ni njema kiasi. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2023 umeonyesha kwamba insulini ya kawaida ambayo haijafunguliwa huweza kukaa nje ya jokofu hadi miezi miwili katika joto lisilozidi nyuzi 37, kwa hiyo mtungi wa udongo kivulini si ujinga wa wazee.

Afisa lishe wa wilaya hawezi kuingia kila jiko. Lakini kliniki ya Kitete na ile ya Mnazi Mmoja zinaweza kuanza wiki ijayo bila kungoja bajeti: mzani mmoja wa dukani, bakuli tatu za ukubwa tofauti, na sufuria ya ugali. Kila mama anayekuja kuchukua insulini apakue kiasi anachompa mwanawe nyumbani, kipimwe mbele yake, na idadi iandikwe kwa wino katika kadi, pembeni mwa dozi.